Kumvaa Mtu Unayempenda

Masomo: Wakolosai 3:12–14; Marko 10:17–22



Binti anayejiandaa kupigwa picha akiwa Okoye, jemadari wa Dora Milaje, kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme, katika filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, haanzi na nguo. Huanza kwa kutazama. Huirudia filamu, akaisimamisha pale mkuki unapoinuliwa, aone umeshikwa kwa mkono upi na uzito wa mwili umeegemea mguu gani. Hukusanya picha za mbele, za ubavuni na za mgongoni, maana bango la filamu halionyeshi mikanda inavyofungwa nyuma. Akishashiba kutazama, ndipo anatafuta fundi.

Vijana wetu wa Nairobi wanaita kazi hii kosplei, na wazazi wameniuliza kama inafaa kutajwa kanisani. Jina lilitokana na Mjapani Nobuyuki Takahashi miaka ya 1980, ingawa kazi yenyewe ilitangulia. Mwaka 1939, wapenzi wa hadithi za kisayansi walipokutana New York, Myrtle Douglas alishona mavazi ya watu wa zama zijazo, akavaa yeye na mwenzake Forrest J Ackerman. Wazazi nawaelekeza kwenye Kutoka 35. Mle wamo wanawake wenye hekima waliosokota nyuzi za hema ya Bwana, na yumo Besaleli, aliyejazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya mikono. Baada ya kusoma hayo siwezi kumdharau binti aliyekesha akikata sponji za vazi lake.

Na ni kazi kweli. Ruth E. Carter, aliyebuni mavazi ya filamu ile na mwaka 2019 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kupata Oscar ya ubunifu wa mavazi, alichota kutoka kwa watu wengi wa Afrika, wakiwemo Wamaasai na shanga zao. Kwa hiyo shanga zinaweza kutoka kwa mama anayezitunga hapa hapa mjini, na ni haki alipwe bei yake bila kubanwa. Sahani za mabegani hukatwa kwenye mikeka ya mazoezi, ile sponji ngumu ya jamii moja na soli za ndala. Huipasha kwa hewa ya moto mpaka ilegee, ukaikunja kufuata bega, ukaishika mpaka ipoe katika umbo hilo. Huungwa kwa gundi ya mafundi viatu, madirisha yakiwa wazi. Kabla ya rangi ya dhahabu hupakwa gundi nyeupe ya mbao, tabaka juu ya tabaka, la sivyo sponji huinywa rangi yote.

Siku ya picha, ruhusa iombwe mapema langoni pa mahali pa kupigia picha, na askari waambiwe habari za mkuki, hata kama ni mti na sponji tu. Awepo rafiki wa kubeba maji, pini, gundi na leso ya kujisitiri wakati wa kubadilisha nguo. Jua la adhuhuri huacha vivuli ndani ya macho. La jioni ni jema, ila huku kwetu karibu na ikweta linashuka wima na mwanga laini haukai, hivyo saa kumi kila kitu kiwe tayari. Mpiga picha apige goti ili jemadari aonekane mrefu. Apime mwanga usoni, asidanganywe na mng'ao wa dhahabu, kisha kadibodi nyeupe iurudishe mwanga chini ya kidevu.

Lakini yote yakishakamilika, picha za kwanza mara nyingi huwa hazina uhai. Vazi limesimama, ndani yake binti anatabasamu. Mpiga picha mzuri hamwambii ageuze kichwa hivi au vile. Anamwambia, “Mfalme yuko nyuma yako.” Nimeshuhudia linalofuata. Mabega yanatulia, kidevu kinashuka, macho yanaanza kupima njia. Binti yule anamjua Okoye. Anajua mwanamke huyu alisimama na mkuki mbele ya mwanamume aliyempenda, kwa sababu ya nchi yake. Hilo halishonwi na fundi yeyote.

Paulo anawaambia Wakolosai wajivike rehema, utu wema, unyenyekevu, upole na uvumilivu, na juu ya hayo yote upendo. Tumezoea kuisoma aya hii kama orodha ya tabia njema, mtu achague inayompendeza. Mimi naamini mavazi hayo yana mwenyewe. Ndivyo Yesu alivyosimama, ndivyo alivyonyosha mkono. Nasikitika kwamba wengi wetu tuna nguo na hatujamtazama aliyezivaa. Msalaba uko shingoni na cheo cha kanisa tunacho. Tukiulizwa kama alimgusa mkoma kabla ya kumtakasa au baada yake, tunababaika. Alimgusa kabla. Binti wa miaka 19 anaweza kukueleza Okoye anavyogeuza shingo. Natamani sana tumjue Bwana kwa bidii ya namna hiyo.

Nanyi wapiga picha, someni Marko 10. Kabla Yesu hajamwambia yule tajiri neno gumu, alimkazia macho, akampenda. Anayeshika kamera hana budi kutazama hivyo. Ombeni ruhusa kabla ya kugusa bega ili kunyoosha ukanda. Aliyevaa kama shujaa hajaialika mikono ya mtu. Tamasha la New York Comic Con liliweka mabango mwaka 2014 kuwakumbusha watu kwamba vazi si ruhusa. Kanisa lilipaswa kuwa limelisema hilo zamani, na kwa sauti kubwa. Mwonyesheni picha zake kabla ya kuzituma popote, na anayoikataa ifutwe mbele yake.

Wiki hii naomba msome Marko 1 jinsi binti yule anavyotazama filamu: polepole, mkisimama kila mahali mwili wa Yesu unapotajwa. Aya ya 31 anamwendea mama mkwe wa Simoni, anamshika mkono, anamwinua. Aya ya 35 ametoka alfajiri, bado giza, yuko peke yake akiomba. Aya ya 41 mkono wake uko juu ya mkoma. Yaandikeni mliyoyaona, mje nayo Jumatano.