Kumhoji Shahidi

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa historia mjini Kigali hana budi kuyakabili kabla hajamfundisha mwanafunzi kuandika insha yenye hoja na dalili, lipo moja ambalo ni la dini na falsafa kuliko la ualimu: je, ni halali kumhoji aliyeona kwa macho, kuipima kauli yake na kuitenga yakini na dhana, hali shahidi huyo huenda akawa ni mama wa mtoto aliyeketi dawati la mbele, na aliyetajwa katika ushahidi akawa ni mjomba wa yule wa nyuma? Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, somo la historia ya Rwanda lilisimamishwa mashuleni kwa miaka mingi, kwani yaliyofundishwa kabla yalikuwa ni sehemu ya sumu yenyewe. Na hata kilipotoka 2006 kitabu cha kuwaongoza walimu, kilichotungwa na wataalamu wa hapa pamoja na wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wengi waliendelea kuona salama katika imla. Mtaala ulioanza kutumika 2016 unadai tafakuri. Kudai ni rahisi.

Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikutana na kadhia hii zamani sana. Walipoanza kuwachunguza wapokezi, nani alikuwa mwongo, nani msahaulifu, nani hakuonana kabisa na yule anayedai kumsikia, waliulizwa kama huko si kusengenya, nako kusengenya ni haramu. Imamu Muslim, aliyefariki 875, alilijadili jambo hili katika dibaji ya mkusanyo wake wa hadithi, Sahihi, na karne nne baadaye Imamu Nawawi akaliweka miongoni mwa mambo ambayo kwayo kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, kwa kadiri ya haja tu. Mimi naliona sharti hilo la mwisho kuwa ndilo roho ya jambo zima: mpokezi huulizwa alisikia kwa nani na alisimama wapi, wala haulizwi ya chumbani mwake, maana anayepimwa kwa haki huheshimiwa, kwa kuwa kauli yake imeonekana kuwa ni kitu cha kutegemewa na watu.

Na atakaye kuona hasara ya kuacha kuuliza, na afungue sura ya tisa ya kitabu alichokichapisha msafiri Mwingereza John Hanning Speke 1863, inayohusu wale aliowaita Wahuma. Mwalimu aiweke mezani, awaagize wanafunzi waandike aya moja tu: nani asema, yuko wapi, nani alimwambia? Wataona kwamba Speke alikuwa Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwishoni mwa 1861, wala hakupata kukanyaga Rwanda. Kwamba alitazama maumbile ya watu, akahukumu kuwa watawala wa nchi hizi wametoka Uhabeshi. Na kwamba mwenyewe asema hapo mwanzoni kuwa anatoa nadharia yake. Sanadi, yaani mnyororo wa wapokezi, imekatika mbele ya macho yao! Lakini nadharia hiyo, ikipokezwa kutoka kinywa hadi kinywa na watu waliokuwa na vyeo na wasiokuwa na shaka, iliingia katika dawati la mtawala wa Kibelgiji, katika vitambulisho vya miaka ya 1930 vilivyoandikwa kabila la mtu, na vitambulisho vya namna hiyo ndivyo vilivyodaiwa vizuizini 1994.

Wala wa kwetu hawasamehewi. Padri Alexis Kagame alikusanya mapokeo ya kasri kwa wajuzi wa ufalme, kazi ya kushukuriwa. Hata hivyo mwanafunzi ana haki ya kuuliza mkulima wa Bugoyi, mbali na kasri, angesimulia nini juu ya vita vya ufalme huo.

Wako watakaosema kwamba shaka humfungulia mlango mkanushaji wa mauaji ya kimbari. Hofu hiyo ina sababu, lakini naona inamlenga mtu asiyehusika. Mkanushaji haulizi, ana jibu tayari, na kila dalili imjiayo huikimbia, ilhali mchunguzi huifuata dalili hata ikamfikisha nyumbani kwake. Tena nchi hii imekwisha kulitia jeraha lake kubwa kabisa katika mizani: katika mahakama za kijamii za gacaca, zilizoanza 2002 na kufungwa 2012 baada ya kesi zikaribiazo milioni 2, manusura aliulizwa mbele ya jirani zake alijificha wapi na nani mwingine alikuwapo, naye aliyekiri alitakiwa kuwataja wenzake na mahali miili ilipotupwa. Palikuwapo uongo, woga na visasi. Lakini kuuliza kwenyewe hakukuchukuliwa kuwa ni kumdharau aliyekufa.

Hapa niongeze jambo dogo ambalo huenda si dogo. Tangu uamuzi wa 2008 wa kufundisha kwa Kiingereza, mtoto wetu huandika insha yake kwa lugha hiyo, na asiyejua namna ya kusema huenda, yaelekea, au kwa mujibu wa fulani, ataandika yakini tupu kwa upungufu wa maneno, si wa akili; basi na aruhusiwe kubishana kwanza kwa Kinyarwanda, kisha aandike.

Lakini kumwagiza mtoto aende akamhoji mamake, alete majibu yatiwe alama kwa wino mwekundu, hilo silikubali. Ushahidi wa mama ni amana, naye atautoa siku apendayo. Darasani vipo vya kutosha: Speke yupo, Kagame yupo, vitambulisho vipo, na gazeti la chuki la Kangura, lililoanzishwa 1990, lipo likisubiri kuulizwa lilijuaje yale liliyoyasema.