Fungate ya Nani?

Mwezi Machi nilipata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei. Ni masomo ya miaka miwili, na harusi yetu iko Agosti. Nilipomwambia mchumba wangu hakusita hata kidogo. "Basi twende wote," akasema. "Hiyo ndiyo iwe fungate yetu." Tulikuwa Mwembe Tayari tunakula viazi karai, ukwaju umetujaa vidoleni, nami nikacheka kwa furaha. Usiku nilipolala, furaha ile ile ikaanza kunikosesha usingizi.

Mwenzangu ni fundi wa friji na AC. Ana wateja wake hapa Mombasa: mabucha, hoteli ndogo ndogo, zahanati moja yenye friji ya chanjo. Amewatafuta mmoja mmoja kwa miaka tisa. Aliposema "twende" hakuwataja hata mmoja wao, na mimi sikumkumbusha. Swali langu lilianzia hapo. Mtu anayekupenda akisema atakufuata, je, inatosha kusema asante na kuanza kufunga mizigo?

Nilianza kwa kulifikiria neno lenyewe. Fungate ni saba. Kwa kina mama yangu, Wagiriama, bado wanahesabu hivyo: handahu, fungahe, nane. Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na neno hilo kabla ya saba ya Kiarabu kulipokonya nafasi. Kwa desturi ya pwani, maharusi hukaa ndani siku saba, wanapikiwa, wanaandaliwa maji ya kuoga, na somo wa bibi harusi hayuko mbali. Watu huona hapo raha tu. Mimi sasa naona na jambo jingine: kwa siku hizo saba hakuna anayemfuata mwenzake. Wote wawili wametulia mahali pamoja, na kazi ya mume wala ya mke haijapewa nafasi ya kuamua waende wapi. Siku ya nane ndipo maisha yanapoanza kuvuta, na mara nyingi yanamvuta mmoja kuelekea upande wa mwingine.

Kuna watu waliianza siku ya nane moja kwa moja. Nilikuwa natafuta habari za maisha ya huko kwenye baridi, nikaangukia kisa cha Margaret na Olaus Murie, cha Alaska. Olaus, mtoto wa wahamiaji kutoka Norwei, alikuwa mtaalamu wa wanyama aliyetumwa na serikali ya Marekani kuwachunguza karibuu, wanyama jamii ya kulungu wanaohama kwa makundi makubwa. Margaret, ambaye watu walimwita Mardy, alikulia Fairbanks. Mwaka 1924 alihitimu katika chuo cha kilimo na madini cha Alaska, mwanamke wa kwanza kuhitimu hapo. Agosti ya mwaka huo huo wakafunga ndoa alfajiri, katika kanisa la magogo pale Anvik, kando ya mto Yukon. Kisha wakaondoka.

Fungate yao ilikuwa safari ya kazi ya Olaus. Walipanda mito kwa mashua kuelekea nchi ya juu ya Koyukuk, na maji yalipoganda wakaendelea kwa sleji, kile kigari kisicho na magurudumu kinachovutwa na mbwa. Kwa jumla walisafiri zaidi ya maili 500, yaani kama kilomita 800. Huko juu, katikati ya Desemba jua halichomozi, na baridi inaweza kufika nyuzi 40 chini ya sufuri na kupita. Safari ya namna hiyo ina kazi zake za kila siku: kupiga hema, kuwasha jiko la bati, kulisha mbwa, kukausha soksi. Kesho yake unavunja kambi, na jioni unaanza tena.

Nilipomsimulia rafiki yangu mmoja, akasema, "Hayo ndiyo mapenzi sasa. Siyo haya ya kupigwa picha Diani." Usemi huo una mashabiki wengi, na mimi zamani nilikuwa mmoja wao. Eti shida ndiyo kipimo. Eti mkeo umjulie kwenye baridi, siyo kwenye kiyoyozi. Lakini shida inapima uvumilivu, basi. Punda naye anavumilia, na hakuna aliyewahi kusema kwamba punda amekubali safari.

Nayajua haya kwa sababu mama yangu ana fungate yake ya baridi. Mwaka 1986 alikuwa anasomea uuguzi, msichana wa Kaloleni aliyekuwa hajawahi kumiliki sweta. Akaolewa na marehemu baba, mwalimu wa shule ya msingi, na juma lililofuata baba akapata uhamisho kwenda Kinangop. Wakapanda basi. Huko asubuhi barafu hukaa nyeupe juu ya majani ya viazi, na mama anasema siku ya kwanza alidhani mtu amemwaga chumvi shambani. Uuguzi aliuacha. Hakuurudia tena. Tulizaliwa huko watoto wanne, na sijawahi kumsikia akilalamika. Sisi watoto tulimsifu kwa hilo. Hata katika hotuba za arusi za binamu zetu, mama hutajwa kama mfano: "Alimfuata mumewe mpaka kwenye barafu."

Kwa hiyo nilipomsoma Mardy, nilimsoma kwa wasiwasi wa mtoto wa mwanamke aliyefuata. Njia ilichaguliwa na kazi ya Olaus. Walikwenda walikokuwa karibuu wa Olaus. Je, Mardy alikuwa msafiri, au alikuwa sehemu ya mzigo?

Wako watakaonijibu kwa kunionyesha mwisho wa hadithi, na mwisho wenyewe ni mkubwa. Mwaka 1926 Mardy alirudi porini na Olaus wakiwa na mtoto mchanga. Mwaka 1956 walikwenda pamoja bonde la Sheenjek, safari iliyosaidia kuleta hifadhi kubwa ya kaskazini mashariki mwa Alaska, iliyotangazwa mwaka 1960. Mwaka 1962 akachapisha kitabu cha maisha yao, Two in the Far North. Olaus akafariki mwaka 1963. Mwaka uliofuata rais alipotia saini sheria ya kulinda maeneo ya pori, Mardy alikuwepo. Aliendelea kuitetea nchi ile kwa miaka mingine 40 bila mumewe, mpaka alipofariki mwaka 2003 akiwa na miaka 101. Huwezi kumwita mtu huyo mzigo.

Lakini jibu hilo linanitia shaka. Alfajiri ile ya Anvik hakuna aliyejua habari za 1960 wala 2003. Tukisema safari ilikuwa halali kwa sababu ilizaa matunda, basi ya mama yangu ilikuwa haramu kwa sababu tu uuguzi wake ulikufa. Na kama mama angekuja kuwa mkulima tajiri wa viazi, tungesema baba alifanya vyema? Haki ya jambo itafutwe siku lilipoamuliwa. Kuisubiri faida ni kumwachia bahati nasibu kazi ya hakimu.

Tukiitazama siku ile, Mardy alikuwa na vitu viwili ambavyo mama hakuwa navyo. Kwanza, aliijua baridi. Alikulia ndani yake, kwa hiyo alijua ndiyo yake inabeba nini. Pili, masomo yake alikuwa ameyamaliza. Hakuna aliyemkatiza katikati. Sisemi mizani ilikuwa sawa. Ilikuwa 1924, na mwanamke aliyetaka kwenda kuwachunguza karibuu kwa mshahara wake mwenyewe asingepata njia rahisi. Ila alikuwa na cha kukubali, na alikuwa na cha kukataa.

Nikampigia mama. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza kwa miaka 31: "Mama, wewe ulitaka kwenda Kinangop?"

Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. "Mwanangu," akasema, "hakuna aliyeniuliza. Baba yako hakuwa mtu mbaya, wajua. Alikuja na barua, akasema tunahamia Kinangop. Labda angeniuliza ningekubali. Nilimpenda. Lakini sikuulizwa, kwa hiyo mpaka leo mimi mwenyewe sijui kama nilitaka."

Nimelitafakari jibu hilo kwa majuma kadhaa. Siku zote nilidhani kosa la kutomuuliza mtu ni kumnyima nafasi ya kukataa. Mama amenifundisha kwamba unamnyima pia nafasi ya kukubali. Alitoa maisha yake yote, na hakupata hata kuyatoa kwa mkono wake. Ndiyo maana sifa zile za kwenye hotuba hazimfurahishi, sasa naelewa. Tunamsifu kwa zawadi ambayo yeye anakumbuka ikichukuliwa.

Na mchumba wangu je? Yeye amesema "twende" kabla sijamuuliza, kwa hiyo ningeweza kusema nimemaliza. Sidhani. Ndiyo inayotoka upesi hivyo, juu ya sahani ya viazi, inaweza kuwa ni upendo, na inaweza kuwa ni kuogopa kuachwa. Fomu za kuhamia nchi za watu humwita mke au mume anayefuata mtegemezi. Sitaki awe mtegemezi kwanza halafu ndipo tujue kama alitaka.

Jumamosi iliyopita nikamuuliza upya, vizuri, kwa maneno kamili. Nikamweleza kuhusu miezi miwili hivi ambayo jua la Tromsø halichomozi, toka mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Nikawataja wateja wake kwa majina, mpaka yule wa bucha anayelipa kwa maini. Nikamwambia akisema hapana, harusi ipo pale pale, na nafasi yangu nitaomba isogezwe mwaka mmoja. Wakikataa, tutakaa chini tena. Maneno hayo yalinigharimu. Nilitamani kuyameza hata nikiwa nayasema.

Hakujibu haraka safari hii. Akazungusha glasi yake mezani. Kisha akauliza, "Sasa huko, fundi wa friji atatengeneza nini? Si nchi yenyewe ni friji?"

Tukacheka sana. Halafu nikamwona hacheki tena, ananitazama, anasubiri. Alikuwa ameuliza kweli. Tukachukua karatasi, tukaanza kuandika anachojua kufanya, mstari kwa mstari, na bado hatujamaliza.