Kutu Chini ya Rangi

Miaka michache iliyopita tulikuwa wageni wa usharika rafiki huko Minnesota, Marekani. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa kanisa aliyestaafu, na jioni moja alitupeleka kwenye banda la gari lake atuonyeshe kazi ya mikono yake. Tulitarajia kuona gari. Tukakuta kitu kama friji kubwa la dukani, chekundu kilichopauka, kimebonyea ubavuni na kuliwa na kutu miguuni. Ilikuwa mashine ya kuuzia soda ya miaka ya 1950. Mtu alitumbukiza sarafu kwenye tundu, akachukua chupa yake, akaenda zake bila kuonana na muuzaji.

Kwa Wamarekani wa rika lake, mashine hizo ni kumbukumbu ya utoto. Zilisimama kwenye vituo vya mafuta, viwandani na nje ya maduka. Coca-Cola iliuzwa senti 5 tangu 1886 hadi miaka ya 1950, na sababu mojawapo ya bei hiyo kukaa hivyo ni kwamba mashine nyingi zilitengenezwa kupokea sarafu ya senti 5 peke yake. Siku hizi wapo wanaozitafuta zilikotupwa, wakazirudisha katika hali yake na kuzipaka rangi upya.

Tulimwuliza swali la watu wenye haraka: kwa nini asinunue kopo la rangi nyekundu akamaliza kazi kwa siku moja? Akacheka, akatuonyesha mlango wa mashine nyingine. Hiyo aliinunua ikiwa inang'aa, kumbe aliyemuuzia alikuwa amepuliza rangi juu ya kutu. Haukupita muda mrefu rangi ikaanza kutoa malengelenge, na alipoikwangua akakuta bati limetoboka. Kutu iliyofunikwa haikuwa imekoma. Iliendelea kula gizani.

Kazi ya kweli ina utaratibu wake. Kwanza anapiga picha, kisha anafungua kila skrubu na kuiwekea alama. Halafu anaondoa rangi ya zamani mpaka bati libaki tupu. Hapo anakwenda kwa tahadhari, maana rangi za miaka ile mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Kwa hiyo anailainisha kwa dawa badala ya kuisugua kavu. Ndipo anaondoa kutu, ananyoosha palipobonyea, anajaza mashimo, anapaka rangi ya msingi, anapiga msasa laini wa maji, anapaka tena, anapiga msasa tena. Kazi hiyo huchukua miezi. Wapo wanaofupisha njia kwa mashine inayopuliza mchanga kwa nguvu. Inafaa kwa chuma kinene, lakini bati jembamba hujikunja, na mlango uliojikunja haufungi tena vizuri.

Tulirudi nyumbani na swali ambalo halijatuacha. Sisi kanisani, tunapomrudisha mtu kundini, tunafanya kazi ipi kati ya hizi?

Tukiri yetu wenyewe. Katika usharika tuliowahi kuutumikia, mtu mmoja mwenye heshima zake alitumia vibaya fedha za ujenzi. Wazee walikutana naye faraghani, akasema samahani, tukaomba pamoja, na Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake la mbele. Hatukumwuliza ni kiasi gani, wala atarudisha vipi. Mwaka huohuo binti mmoja wa kwaya alipata mimba kabla ya ndoa. Huyo tulimsimamisha mbele ya usharika wote, jina lake likasomwa, na kijana aliyempa mimba alikuwa ameketi miongoni mwetu bila mtu kumwuliza neno. Binti alijibu maswali ya ibada kwa sauti ambayo hatukuisikia. Tukampa Chakula cha Bwana, tukaandika kitabuni kwamba amerudi kundini.

Hakurudi. Ile ilikuwa Jumapili yake ya mwisho kwetu. Na zile fedha? Baada ya miaka miwili mambo yaleyale yaliibuka tena, safari hii makubwa zaidi. Yule mzee tulimpaka rangi juu ya kutu. Yule binti tulimpulizia mchanga mpaka akajikunja. Wote wawili tuliwaita waliorejeshwa.

Wapo watakaosema kwamba tukilegeza nidhamu kanisa litaoza. Wana hoja, nasi hatuipuuzi. Bwana wetu aliwakemea waliofanana na makaburi yaliyopakwa chokaa, na kutu lazima itoke mpaka bati lionekane. Nathani hakumfunika Daudi. Alimwambia ukweli wote, na matokeo ya dhambi ile yalibaki katika nyumba ya mfalme. Lakini tazameni jinsi alivyoingia: alikwenda mwenyewe, akaanza na kisa cha mwana-kondoo wa maskini, akangoja mpaka moyo wa Daudi umhukumu Daudi mwenyewe. Paulo naye, katika Wagalatia sura ya 6, anawaagiza walio wa Roho wamrejeshe aliyenaswa na kosa, na wafanye hivyo kwa upole. Neno la Kiyunani analotumia pale ndilo linalotumika katika Mathayo sura ya 4, Yakobo na Yohana walipokuwa wakitengeneza nyavu zao. Mvuvi hatengenezi wavu kwa kuupiga, wala kwa kuukunja ili tundu lisionekane. Anaketi, anautandaza mapajani, anatafuta tundu moja baada ya jingine.

Kwa nini basi tunakuwa wepesi kwa mmoja na wakali kwa mwingine? Tunadhani ni kwa sababu tumeugeuza msamaha kuwa mashine ya sarafu. Wazo hilo ni la zamani. Heron wa Aleksandria, fundi wa karne ya 1, alieleza chombo cha hekaluni ambamo sarafu iliangukia kisahani cha wenzo, wenzo ukainama, na maji ya kunawa yakatoka mpaka sarafu iteleze. Mwaka 1517 Luther alisimama kupinga biashara iliyofanana na hiyo, na akaanza kwa kufundisha kwamba toba ni kazi ya maisha yote ya Mkristo. Nasi tulio wana wa Matengenezo tuna vitundu vyetu. Mwenye cheo anatumbukiza cheo chake. Mwingine anaulizwa kwanza kadi ya ahadi. Asiye na kitu anatumbukiza aibu yake mbele ya watu wote, nasi tunaona bei imelipwa.

Yule mzee wa Minnesota alinunua mashine yake ikiwa na kutu. Alitoa fedha kabla ya kushika msasa, na baada ya kuilipia ndipo akawa na uvumilivu wa miezi ile yote. Ndivyo ilivyo Injili: Kristo alitufia tungali wenye dhambi. Toba haimshawishi Mungu atupende. Toba ni kazi anayoifanya ndani ya walio wake tayari, na kwa kuwa tu wake tayari, hatuna haja ya kuficha kutu.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya orodha ya wanaorudi kundini kusomwa tena kuelekea Pasaka, tujiulize haya. Je, tumemtembelea huyu mtu nyumbani kwake, zaidi ya mara moja? Kama ni dhambi ya wawili, tumewaendea wote wawili? Kama kuna aliyedhulumiwa, amerudishiwa haki yake, kama Zakayo alivyoona inavyompasa? Na baada ya ibada, nani atakaa naye benchi moja?

Yule binti sasa ni mama wa mtoto anayesoma shule ya msingi. Ilituchukua miaka kwenda kumwona. Tulikwenda kumwomba msamaha, na si kumwita arudi. Alitusikiliza, akatupikia chai, hakutuambia kama ametusamehe. Tulikwenda tena, na tutakwenda tena. Safari hii hatuna kitabu cha kuandika lolote.