Deni ya Mkubwa Aliyeondoka

Sisi watu wa Kasaji tunajua namna moja ya kurithi ambayo ofisi zetu hazijajifunza. Kwa Walunda, mtu akipewa cheo hakalii kiti tu. Anachukua jina la mwenye cheo kile, pamoja na undugu wake. Kama marehemu alikuwa mjomba wa chifu fulani, mrithi naye anakuwa mjomba wa yule chifu, hata akiwa kijana wa juzi. Ndiyo maana Mwata Kazembe wa Luapula, kule Zambia, bado anahesabu asili yake kwa Mwant Yav wa Musumba, ijapokuwa wale waliofika Luapula katika karne ya 18 walikwisha kufa zamani.

Basi tunauliza: mkubwa wa kazi anaporithi meza, anarithi pia neno la mwenye alimtangulia?

Katika shule moja tuliyofundisha, prefe aliomba walimu wafyatue tofali kila Jumamosi, kwa ajili ya vyumba viwili vya darasa. Alitoa neno mbele yetu wote: prime ya wazazi ikiingia, waliofanya kazi wataongezewa. Tukafanya. Mwalimu wa hesabu alikanyaga udongo. Yule wa Kifaransa, mwenye kuogopea suruali yake, alibeba maji. Hatukupata kusikilizana vile siku nyingine yoyote. Kisha prefe akahamishwa. Tulipomkumbusha mpya, akajibu: "Ile deni haiko yangu. Mumufwate mwenye aliahidi." Hakuna aliyegombana naye. Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu, na tofali mbichi zikanyeshewa na mvua ya Novemba, zikarudi udongo. Akatuita wavivu. Kumbe watu hawakuchoka kazi, walichoka kuahidiwa na mtu wa kupita.

Kolwezi wanajua jambo hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango wa départ volontaire. Wengi wao waliendelea kudai hesabu yao miaka mingi, na wakubwa wa kampuni walibadilika mara nyingi.

Mtu anaweza kutujibu kwamba mrithi wa Kilunda anarithi na magomvi. Ni kweli, na sisi hatutaki magomvi ya mtu. Tena kuna ahadi ya kijinga, ya mkubwa aliyejisemea bila kuangalia sanduku. Lakini chifu hasemi peke yake. Ana wazee pembeni, na neno likitoka mbele yao lina mashahidi. Shuleni mashahidi ni kitabu cha mkutano. Ahadi ya tofali haikuandikwa humo, na kosa hilo lilikuwa letu pia. Mrithi akikuta neno limeandikwa, anaweza kusema: "Deni ninaijua, nguvu sina bado." Na watu watangoja, maana kungoja tumezoea.

Miaka kadhaa nyuma sisi wenyewe tulipewa meza. Mama mmoja alileta karatasi ya aliyetutangulia: mtoto wake atalipa minervali baada ya mavuno ya muhogo. Hatukuwa tunaijua ile karatasi, na mavuno yalikuwa mbali. Tulimwambia akae, tukaita mhasibu, tukaandika deni upya kwa mkono wetu. Mtoto akaingia mtihani.