Je, Utulivu wa Moyo ni Dalili ya Haki?

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza suali ambalo sikuliona kuwa la kupuuzwa. Alisema, "Maalim, Mhindu huketi kabla ya alfajiri, akafumba macho, akalitaja jina la mungu wake wa kike kwa tasbihi ya punje 108, na moyo wake ukatulia. Nasi twavuta tasbihi. Tafauti yetu ni nini?"

Ndugu zangu, anayejibu kwanza yampasa kuwa mkweli. Ibada ile kwa wenyewe si mchezo. Huko Bara Hindi, ukingoni mwa mto Hooghly karibu na Kolkata, lipo hekalu la Dakshineswar, lililofunguliwa mwaka 1855 kwa ajili ya Kali, ambaye wamwabuduo humwita Mama. Kuhani wake mashuhuri, Ramakrishna (1836–1886), alikuwa akimlilia kama mtoto. Neno la kukaririwa, nalo ndilo mantra, mwanafunzi hulipokea kwa mwalimu wake, akalificha, akalirejea hata pumzi zake zikalizoea. Na wenye elimu wao husema: sanamu ni alama tu, sisi twaielekea nguvu moja iliyo asili ya vyote. Ramakrishna mwenyewe, kwa khabari ya wafuasi wake, mwaka 1866 alishika ibada za Kiislamu siku chache, kisha akafundisha ya kuwa njia zote zafika pamoja.

Jawabu ni hili. Utulivu ni hali ya mwenye kuabudu, wala si dalili ya haki ya mwenye kuabudiwa. Mtu hutulia kwa kumkumbuka mamaye aliyekufa, na hulia kwa kusikia mashairi. Jahazi lenye tanga zuri hufika upesi, walakini hufika kule lilikoelekezwa. Kukariri na kukusanya fikira ni tanga. Tauhidi ndiyo dira. Muumba hana sura, si mume wala si mke, wala hafanani na kiumbe. Na namna ya kumwabudu hatuizui kwa ladha za nyoyo zetu, bali twaipokea kwa Mtume wake. Asemaye kuwa sanamu ni alama tu, na tumwulize: ni nani aliyekupa idhini ya alama hiyo?

Wala jawabu hili halituhalalishii matusi. Katika Suratul An'am tumekatazwa kuwatukana wale waabudiwao badala ya Mwenyezi Mungu.

Lakini suali lile lilinirudia usiku. Nilipokwisha sala ya Isha nilihesabu 33 kwa vidole, na moyo wangu ulikuwa dukani, katika deni la mchele. Imam Ghazali ametufundisha ya kuwa dhikri ya ulimi, moyo ukiwa umeghafilika, faida yake ni chache. Basi yule hana dira, naye ametweka tanga usiku kucha. Mimi dira ninayo mkononi, na nanga sijaing'oa. Ndugu yangu, usiifuate ibada yake, lakini ionee haya bidii yake.

Mwenyezi Mungu azihudhurishe nyoyo zetu pamoja na ndimi zetu. Amin.