Aliyeshindwa Jana Atashinda Kesho?

Desemba 2008, Chuo Kikuu cha Auburn katika jimbo la Alabama, Marekani, kilimwajiri Gene Chizik kuwa kocha wa timu yake ya futiboli ya Kimarekani. Alitokea chuo cha Iowa State, ambako kwa misimu miwili alishinda mechi 5 na kupoteza 19, huku 10 za mwisho akizipoteza mfululizo. Mashabiki wengi walikuja juu: aliyeshindwa kule, huku ataweza nini? Msimu wa 2010 timu yake ilicheza mechi 14, ikashinda zote na kutwaa ubingwa wa taifa. Mwaka 2012 kocha huyo huyo, katika chuo hicho hicho, alishinda mechi 3 na kupoteza 9, zikiwemo zote 8 za ligi ya ukanda wao, akafukuzwa. Ndani ya miaka michache mtu mmoja ameitwa mbovu, kisha hodari, kisha mbovu tena. Hapo linazuka swali la kifalsafa: je, kushindwa kwa mtu jana kunatuambia lolote kuhusu kesho yake?

Mwanafalsafa David Hume alikwisha kuonya katika karne ya 18 kwamba hakuna hoja ya kimantiki inayoilazimisha kesho ifanane na jana. Tunaamini hivyo kwa mazoea tu. Lakini hata bila kufika mbali hivyo, rekodi ya kocha ina kasoro iliyo wazi zaidi, nayo ni kwamba matokeo yana wenyewe wengi. Kocha hachezi. Ubingwa wa 2010 ulibebwa na Cam Newton, mchezaji kijana aliyehamia Auburn mwaka ule ule na kuondoka ulipokwisha. Tena, mwezi Septemba mwaka huo, Auburn ikiongoza 27–24 katika muda wa nyongeza, mpigaji wa Clemson aliupitisha mpira katikati ya milingoti na kusawazisha. Waamuzi wakaufuta mkwaju ule kwa sababu mpira ulianzishwa kimakosa. Aliporudia, akakosa. Mkwaju wa kwanza ungekubaliwa, huenda tusingekuwa na rekodi ya 14 kwa 14, na Chizik asingekuwa ameongezeka wala kupungua akili hata chembe. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili fumbo hili: tunawasifu na kuwalaumu watu kwa mambo ambayo kwa sehemu hayakuwa mikononi mwao.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba kushindwa ni mwalimu, hivyo aliyeanguka ana nafasi kubwa zaidi ya kusimama. Watamtaja kocha Pete Carroll, aliyefukuzwa na timu mbili za kulipwa kabla ya kukifikisha chuo cha USC kileleni mwa futiboli ya vyuo. Au Nick Saban, aliyeondoka timu ya kulipwa ya Miami Dolphins na ushindi 15 dhidi ya vipigo 17, kisha akakipa Chuo Kikuu cha Alabama mataji sita ya taifa. Wahenga nao wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, ila methali hiyo inamwahidi mhunzi kwamba kazi ingalipo. Haimwahidi kwamba koleo jipya halitavunjika. Kocha Charlie Weis alifukuzwa chuo cha Notre Dame, akapewa nafasi nyingine chuo cha Kansas, akashinda mechi 6 na kupoteza 22. Hadithi za akina Carroll zinasimuliwa kwa sababu waliinuka. Wa mfano wa Weis hawana msimulizi, na wengine hawakupewa hata nafasi ya pili.

Basi tuajiri kwa kupiga kura ya bahati? La. Aristotle alifundisha kwamba tabia hujengwa na matendo yanayorudiwa, na matendo ndiyo ya kuchunguzwa nyuma ya tarakimu. Mwaka 1992 kocha Frank Beamer, akiwa katika msimu wake wa sita katika chuo cha Virginia Tech, alimaliza na ushindi 2, vipigo 8 na sare 1. Chuo hakikumfukuza. Yeye akabadilisha baadhi ya wasaidizi wake, na msimu uliofuata akashinda mechi 9. Tangu hapo hadi alipostaafu 2015, timu yake haikukosa mechi za heshima za mwisho wa msimu hata mwaka mmoja. Aliyeutazama mwaka 1992 peke yake asingeona hayo. Aliyetazama Beamer alifanya nini baada ya kipigo angekuwa na cha kushika. Vivyo hivyo, kocha anayedanganya au kuwanyanyasa vijana ametoa ushahidi mzito dhidi yake hata akiwa na kombe mkononi, kwa sababu hayo ni yake mwenyewe. Hayakuletwa na mkwaju wa mtu.

Kwa hiyo kushindwa peke yake hakutabiri kushindwa wala kushinda. Anayeajiri asiishie kuuliza mgombea alipoteza mechi ngapi. Aulize alipoteza kwa sababu gani, akakiri nini, akabadilisha nini. Asiye na jibu la maswali hayo asipewe kazi kwa kuhurumiwa, na mwenye jibu asinyimwe kwa sababu ya tarakimu.