Kitu cha Kuokota

Siku hizi mtu akiokota kitu cha thamani asichokijua, hukipiga picha akawaonyesha watu asiowajua, awaulize: "Hiki ni nini?" Kuuliza si aibu. Lakini kilichopotea kina mwenyewe. Katika hadithi ya Zaid bin Khalid, Mtume (s.a.w.) amemwamuru mwenye kuokota akijue chombo chake na kifungo chake, kisha akitangaze mwaka mmoja. Na wanavyuoni wa Kishafii wamesema: ataje baadhi ya sifa zake, asizitaje zote. Basi aliyekwisha kuzionyesha zote, atampambanuaje mwenyewe na mwongo? Twawausia ndugu zetu: ulizeni, lakini alama moja ificheni. Kulijua jina la kitu ni faida; kumrudishia mwenyewe haki yake ni wajibu.